Kiti Kinachotazama Mlango

3 Februari

Mpwa wangu Kasuku,

Leo naanza na jambo lenyewe, salamu zitafuata. Nimekuficha kitu kwa miaka mitatu, na juzi daktari amenieleza hali yangu kwa upole mwingi mno, nikajua sina miaka mingine mitatu ya kuendelea kukificha.

Kila uliponiuliza, "Mjomba, unashinda na nini siku hizi?" nilikujibu kwamba nasoma. Nilikuwa naandika. Nilikuwa naandika maoni ya wateja ambao hawapo. Mtu anauza birika mtandaoni, hakuna aliyelinunua bado, basi mimi naandika kwamba ninalo jikoni, linachemsha upesi, ila mpini unapata moto kidogo. Nimesifia viatu nisivyovivaa, nyumba za wageni ambamo sikulala, dawa ya kunguni ambayo sikuinyunyiza popote, na vitu vingine vingine. Kazi hiyo aliniletea mwanafunzi wangu wa zamani, yule niliyewahi kumtoa darasani kwa kunakili insha ya jirani yake. Alikumbuka kwamba mwalimu wake anaandika vizuri. Si shida iliyonisukuma, pensheni inanitosha. Miaka thelathini na nne nilisoma maandishi ya watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, na hakuna aliyewahi kusoma yangu. Huko nilisomwa.

Sasa salamu. Hamjambo hapo? Mumeo Dereva amerudi safari? Cherehani mpya imekubali mkono wako au bado inakukatia uzi? Mimi sauti imekwisha. Ule uvimbe wa kooni ulipoondolewa uliondoka nayo, nimebaki na pumzi inayopita kama upepo kwenye mlango usiofungika vizuri. Ndiyo maana simu zako hazikupokelewa. Kompyuta nimempa nesi anayekuja asubuhi kunipa dawa, tangu Novemba, na simu nimempa pia. Kwa hiyo niandikie kwenye karatasi, tarehe juu, pambizo upande wa kushoto, kama nilivyokufundisha ukiwa huna meno ya mbele.

Nimesema. Cheka kwanza, hasira utaipata baadaye.

Mjomba wako


17 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako niliisomea dukani, mkasi mkononi, mteja amesimama anapimwa kiuno. Nikacheka hadi akadhani namcheka yeye. Kumbe lile birika. Mjomba, ninalo. Nililinunua mwaka juzi kwa sababu ya mtu mmoja aliyesema mpini unapata moto kidogo. Nikasema huyu ni mkweli, hasifii tu. Mpini ukayeyuka wiki ya tatu. Dereva alilitupa nje likiwa bado lina maji.

Sisi wazima. Yeye amerudi, magoti yanamuuma, amekataa kwenda kupimwa kwa sababu eti gari ndilo linalohitaji fundi. Mimi nina oda ya sare za shule mia mbili na vifungo vilivyoletwa ni vya rangi nyingine. Sauti yako imeniuma. Nilidhani umenikasirikia kwa kutokuja.

Sasa na mimi nina langu, na ni kama umeletwa.

Unaijua nyumba ya Mwashi. Jina hilo ulimpa wewe, mimi mama yake nilimpa jingine akalisahau. Miaka mitano alijenga kwenye ule mchezo wa simu, siku za shule na siku za wodini, sindano mkono mmoja na simu mkono mwingine. Aliniambia kila mtu wa familia ana chumba chake humo. Sikuwahi kuingia, Mjomba. Kila siku nilisema nikimaliza oda hii. Akafa mwezi wa nane, akiwa na miaka ishirini, na neno la siri hakumwachia mtu.

Kuna soko mtandaoni ambapo wachezaji wanauziana vitu vya michezo: panga, mavazi, akaunti nzima. Wanayo pia huduma ya kufungua akaunti iliyofungwa. Sikukurupuka. Nilikaa siku tatu nasoma maoni ya wateja kama mtu anayechagua kitambaa, nashika, navuta, natazama kwa nyuma. Nikaridhika. Mwezi wa kumi na moja nikawapa wanachotaka, pamoja na ile namba ya kuthibitisha iliyotumwa kwenye laini ya Mwashi. Laini yake bado naiwekea salio kila mwezi isifungwe. Waliingia wao. Wakabadilisha kila kitu, mimi nikabaki nje.

Nimekunakilia maoni arobaini kwa mkono wangu, nimeyapa namba. Wewe ulikuwa unayaandika, basi utayatambua. Niwekee alama kama mtihani. Nataka kujua nilidanganyika wapi. Nikishajua, labda nitalala.

Kasuku wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Salamu kwenu nyote. Mwambie Dereva kwamba magoti hayana vipuri. Mimi nakula uji na supu, nakohoa kwa zamu. Nesi amepata uhamisho, amekuja mwingine mwenye mikono baridi na maneno mengi. Namjibu kwa ubao mdogo wa chaki, naye anasoma kwa sauti kubwa kila ninachoandika, kana kwamba mimi ndiye kiziwi. Nisamehe kwa kuchelewa. Siku nyingine kalamu ni nzito.

Maoni yako nimeyasoma. Mwandiko wako bado unainamia kulia.

Nakupa njia niliyoitumia, ili siku nyingine usinihitaji. Nilipokuwa nasahihisha mitihani ya taifa, hatukuwakamata walionakili kwa majibu sahihi. Jibu sahihi ni la kila mtu. Tuliwakamata kwa kosa la ajabu linalojirudia kwenye karatasi tano. Hapa vilevile. Tazama namba 3, 8, 14, 15, 29 na 36. Watu sita wa miji sita, na wote wanasema mhudumu aliwajibu kabla chai yao haijapoa. Chai sita, mpwa wangu, na zote ziliandikwa kati ya Jumatatu na Jumanne. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja mvivu.

Pili, mwenye kweli hana habari kwamba anasomwa na mgeni. Anawasemesha waliomuudhi. Namba 9: "Upanga niliununua ukaja, kesho yake ukatoweka, nimewaandikia mara nne, mnanionaje?" Huyo analia kweli. Namba 22 ameandika "Sawa tu." Hakuna anayelipwa kuandika "Sawa tu."

Tatu, tazama mtu huyo amesema nini kwingine. Mwenye namba 31, kwa ulivyonakili pembeni yake, amesifia masoko kumi na moja kwa siku moja. Hata wewe na ulimi wako huwezi.

Nimeona thelathini na moja ya uongo, manane ya kweli, na yale manane yote ni ya watu waliolizwa. Ungehesabu machozi badala ya nyota, usingeingia. Lakini soko hilo huyasukuma malalamiko chini kabisa, na nani ana muda wa kuteremka hadi huko? Si kosa lako.

Karatasi zako nimezirudisha humu humu.

Mjomba wako


2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini huyo nesi wa mikono baridi amezoea. Hapa sare zimekwisha, nimefunga plasta kidoleni, sindano ilipita ukucha. Dereva ameenda kupimwa. Alidanganya kwamba anapeleka gari.

Mjomba, ulinifundisha kuhesabu kabla ya kusoma. Thelathini na moja na manane ni thelathini na tisa. Nimepitia karatasi, namba 17 haina alama. Si tiki, si mkasi wa kosa, hata nukta. Nimesema labda umesinzia. Nainakili upya:

"Nyota nne. Mimi ni mzee, michezo hii siijui. Mjukuu wangu wa kiume alituacha mwaka huu, akaacha meli aliyoijenga humo kwa miaka mingi. Ndani ya meli kuna chumba kidogo alichonitengenezea mimi, na kiti kinachotazama mlango, ili nimwone akiingia. Neno la siri aliondoka nalo. Hawa watu walinifungulia. Walichelewa siku mbili wala hawakuomba radhi, ndiyo maana sikuwapa nyota ya tano. Nimeingia. Nimekaa kwenye kile kiti nikamsubiri."

Watu mia tatu na kumi na mbili wamebonyeza kwamba yamewasaidia. Mimi ni mmoja wao.

Nikuambie ukweli, yale mengine thelathini na tisa niliyasoma kwa macho tu. Hili lilinikalisha chini. Hata nilimwandikia huyo mzee hapo chini yake. Sikuweka jina, niliandika "Mama M." Nikamwambia pole, nikamwambia na mimi mwanangu ameniachia nyumba yenye madirisha saba na mlango wa samawati, je, ni kweli wanafungua? Akanijibu siku hiyohiyo: "Waamini, mwanangu. Mimi nimeingia."

Huyu hawezi kuwa muongo. Mtu hawezi kubuni kile kiti. Nadhani walimfungulia kweli kisha wakamgeuka kama walivyonigeuka mimi, naye yuko mahali peke yake, hajui la kufanya. Namtafuta. Nimemwandikia tena mara mbili, kimya. Tukiwa wawili tunaweza kulalamika mahali.

Nyumba wanaivunja. Mtu yeyote kwenye mchezo anaweza kupita njiani na kuiona kwa nje, basi jioni baada ya kufunga duka napita kwa simu ya Dereva. Wanaiuza kipande kipande. Wiki iliyopita mlango umeondoka. Juzi madirisha mawili.

Niambie tu, ulisinzia?

Kasuku


11 Mei

Mpwa wangu,

Amani kwenu. Nimelazwa siku kumi na nane, nimerudi nyumbani, kitanda kimesogezwa karibu na dirisha ili nione watu wanaopita. Wengi wanapita wakitazama simu. Chumba kinanuka dawa ya sakafu. Jirani wa ukutani kanunua redio mpya na haijui kunyamaza. Nimeanza kuzoea matangazo ya magodoro.

Nimemkumbuka marehemu mama yako wiki hii. Dada yangu alikuwa na tabia ya kukutazama tu ukivunja kikombe. Hasemi. Anaendelea kupanga vyombo, mpaka wewe mwenyewe unaenda kumwambia. Nilivunja vikombe viwili nikiwa kwake, na vyote viwili nilivitaja kabla ya chakula cha mchana. Sijui ule ujasiri uliishia wapi.

Kuhusu namba 17: liache. Usimtafute huyo mtu. Mzee wa namna hiyo huenda hana simu tena, huenda ni mgonjwa, utajichosha bure. Na limeandikwa vizuri mno. Jihadhari na kilichoandikwa vizuri mno.

Plasta ya kidole ibadilishe kila siku, usisubiri iote mizizi.

Mjomba wako


23 Mei

Shikamoo Mjomba,

Pole kwa kulazwa. Hatukujua, hakuna aliyetuambia, na nimegombana na Dereva kana kwamba yeye ndiye hospitali. Kidole kimepona.

Nina mambo mawili, nitayasema kwa utaratibu.

La kwanza. Wale watu wa sokoni wameniandikia wenyewe. Wanasema ilikuwa bahati mbaya, mfanyakazi wao mmoja aliiba, wamemfukuza. Watairudisha nyumba yote kama ilivyokuwa, mlango na madirisha. Wanachotaka ni neno la siri la barua pepe ya Mwashi, ili wathibitishe kwamba mimi ni mama yake. Ninalo hilo, aliliandika nyuma ya kadi yake ya kliniki. Mjomba, kwenye hiyo barua pepe kuna kila kitu. Kuna picha, na kuna rekodi alizokuwa anajirekodi wodini akishindwa kulala, anaongea tu, anaimba vibaya, ananitania nisipokuwepo. Sauti yake nimebaki nayo humo tu. Dereva anasema nisithubutu. Mimi nimesema nitawapa tarehe ishirini Juni, siku aliyozaliwa. Naitaka nyumba. Nataka kuingia mara moja tu, hata kama ni kwa dakika tano.

La pili. Wametoa kuta za mbele. Sasa mtu akipita njiani anaona ndani. Vyumba vyote vitupu, wameuza hadi mapazia. Kimebaki kimoja tu, kile cha pembeni, na najua ni chako kwa sababu kina rafu ya vitabu toka chini hadi juu. Kumbe vitabu havinunuliki huko. Mbele ya rafu kuna kiti kimoja. Kinatazama mlango.

Nimekaa na hicho kiti kichwani siku tatu. Nimejiambia labda kila mtoto anamtengenezea babu yake kiti cha namna hiyo. Kisha nikakumbuka mzee alivyolalamika kwamba walichelewa siku mbili, nikakumbuka mpini wa birika.

Sitakuuliza, kama mama yangu ambavyo hakukuuliza. Nasema hivi tu. Ukiniambia namba 17 ni ya uongo, siwapi kitu, kadi ya kliniki naichana. Ukinyamaza, nitachukua kwamba ni ya kweli, nami nitafanya alivyoniambia yule mzee. Dereva anapita huko mwisho wa mwezi na mzigo wa saruji, atakuja kukusalimu. Mpe barua, usiipeleke posta.

Kasuku


2 Juni

Mpwa wangu,

Dereva wako amekaa sebuleni, amevua viatu bila kuambiwa, nesi anamsomea ubao wangu kwa sauti ingawa yeye ni mzima wa macho. Amepungua. Amenishika mkono muda mrefu kuliko salamu. Nakuandikia haraka kwa sababu gari limezuia njia.

Usiwape. Namba 17 ni ya uongo. Niliiandika mimi.

Niliiandika Septemba, wiki tano baada ya kumzika. Mwanafunzi wangu alileta orodha, na humo mlikuwa na soko hilo, huduma ya kufungua akaunti. Alisema, "Mwalimu, hii inataka mtu mwenye majonzi." Nikamwambia hilo ninalo. Binti nikamfanya mvulana, nyumba nikaifanya meli. Kiti sikukibadilisha. Mwashi alinieleza kile kiti kwa simu, mimi peke yangu, akasema, "Babu, nimekiweka ili uwe wa kwanza kuniona." Sikuwa nimemlilia mbele ya mtu, mpwa wangu. Mazikoni nilisimamia viti na maji ya kunywa. Machozi yangu yote yaliingia mle. Ndiyo maana ulikaa chini uliposoma. Kilio kilikuwa cha kweli, cha mwanao, nami nilikiweka mlangoni kwa wezi ili watu waingie bila hofu.

Nilikuwa nikihesabu wanaobonyeza kwamba limewasaidia. Walipofika mia nilifurahi. Hilo pia lijue.

Yale majibu chini yake nilikuwa nayaandika mimi, ilikuwa sehemu ya kazi. Waliouliza walikuwa wengi, niliwajibu wote mfululizo, bila kutazama ni nani.

Ichane kadi. Kwanza badilisha lile neno la siri, Dereva akusaidie, kisha zile rekodi zinakili mahali pengine, leo hiihii. Kwenye bahasha nimeweka jina la mwanafunzi wangu, namba zake na karatasi zote za kazi nilizonazo. Peleka popote panapopokea malalamiko. Jina langu usilifute.

Anapiga honi mtu nje. Naishia hapa.

Mjomba wako


6 Julai

Shikamoo Mjomba,

Sikuwapa. Tarehe ishirini nilifunga duka, nikachana kadi vipande vidogo kama mabaki ya kitambaa, kisha nikalia kwa sababu nimechana mwandiko wake.

Sikukuandikia mwezi mzima. Nilianza barua nne. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo ulinipiga rula nilipoyasema nikiwa darasa la tatu. Nilimwambia Dereva sitaki kusikia jina lako humu ndani, akaenda kuosha gari lililo safi. Siku ya nne akasema, "Alinishika mkono, yule mzee, hakutaka kuniachia." Basi.

Karatasi zako tumezipeleka. Mama mmoja ofisini alizisoma zote, akaniuliza huyu aliyeandika yuko hai? Nikasema yuko hai, ni mjomba wangu. Akaandika. Hajaahidi kitu.

Halafu Jumapili nilikaa peke yangu na mambo haya nikayakunjua moja moja. Ulimlilia Mwashi mahali pabaya, lakini ulimlilia. Hukujua nani atapita mlango ule. Ungejua ni mimi ungenizuia, ungekuja kwa miguu kunizuia, hata sauti yako ilipokuwa inakatika. Ulijibu watu wengi bila kutazama, nami nilikuwa mmoja wao kwenye foleni. Hukujua. Hilo limenitosha, Mjomba. Nimelishika hilo na nimeweza kula.

Kwa hiyo nimekusamehe, na usinijibu kwa hotuba.

Nyumba imekwisha. Kimebaki kiwanja na chumba chako, rafu, kiti. Hata mlango wake hakuna, kiti kinatazama njia. Jioni bado napita. Wachezaji wengine wameanza kuweka maua pale, sijui nani amewaambia.

Agosti tunakuja wote wawili. Nimenakili rekodi zote. Kuna moja anaiga sauti yako ukisahihisha insha. Nitakuwekea karibu na sikio. Jitunze hadi hapo, na umwambie huyo nesi apashe mikono moto.

Kasuku wako


15 Julai

Mpwa wangu Kasuku,

Salamu kwako na kwa Dereva. Hapa joto limepungua. Supu nayo imegoma kupita, wananipa maji ya sukari kwa mrija. Nesi amepasha mikono. Nilimwonyesha barua yako, akaisoma kwa sauti hadi alipofika mahali fulani akanyamaza mwenyewe, akanirudishia. Naandika mistari mitatu, napumzika, kwa hiyo wino utauona umebadilika. Barua hii nimeianza Alhamisi.

Daktari amekuja mara mbili kwa siku moja. Sitakuambia mje leo leo, lakini msisubiri Agosti.

Barua yako nimeiweka chini ya mto. Nilitaka kuiacha hapo. Nilisema, amekula, analala, mzee anaondoka, nani atadhurika? Siku tatu nimeisoma sehemu ile unayosema limekutosha. Nilikuwa naona kama nasoma tena maoni niliyoyaandika mwenyewe: nyota nne, dosari ndogo ili uamini. Nilikupa makosa mengi ya kweli mwezi Juni ili lile moja lipite katikati yake. Ustadi haumtoki mtu hata akifa.

Kwa hiyo soma hili ukiwa umekaa, na Dereva awe karibu.

Mlango ule wa samawati tuliuchagua pamoja, Mwashi na mimi. Alinipigia kutoka wodini, akasema, "Babu, kuna rangi kumi na mbili, naona zote, chagua moja." Nikamwambia samawati. Madirisha alitaka sita, mimi nikamwambia aongeze la saba, upande wa chumba cha mama yake, kwa sababu mshonaji anahitaji mwanga. Hakuna nyumba nyingine kama hiyo.

Siku ile ya Novemba nilikuwa mezani, chai iko upande wa kulia. Swali liliingia. Nikalisoma. Nikainuka, nikaenda hadi dirishani, nikarudi, nikalisoma tena. Ningekuandikia usithubutu, ungeuliza mzee huyu amejuaje, na ningelazimika kukuambia kazi yangu, kiti, mwanao, yote. Ningeweza kukupigia simu, sauti ilikuwa bado ipo, ilikuwa na wiki moja zaidi. Simu ilikuwa pale pale karibu na kikombe. Na kuna jambo jingine, dogo, ambalo ni la aibu kuliko aibu yenyewe: nilifikiri labda kweli watafungua. Labda utaingia, nawe utaniambia kilivyo chumba changu.

Nikaketi. Nikaandika maneno manne. Kesho yake asubuhi nikampa nesi kompyuta.

Hukuwa kwenye foleni, Kasuku. Nilijua ni wewe.